Siku Bibi Alipoitwa Chuoni

Wiki ya kwanza tulifundishwa historia ya chuo. Si hiki tulichokaa ndani yake, la, ni kile cha Uingereza ambacho ndicho kitakachotupa shahada. Kilianza kama skuli ya jioni ya mafundi, kikawa chuo cha ufundi, na juzijuzi tu kikapewa jina la chuo kikuu. Tukaoneshwa picha: majengo ya matofali mekundu, bwawa la bata, wanafunzi wamejilaza kwenye majani wanasoma. Sisi tuko Maskati, jengo la ghorofa nne, nje lami inataka kuyeyuka, na kila mmoja kagaiwa sweta zito lenye kofia na nembo ya chuo. Nililivaa siku moja nipate hadhi. Nilirudi nyumbani Darsait nimeroa chapachapa, mama akaniuliza kama nina homa.

Basi tangu mwanzo nilikuwa sijielewi. Mie nasoma wapi hasa? Harusini nikiulizwa nasema chuo cha Uingereza. Dereva wa teksi akiniuliza, namwambia hapahapa, geuza kulia.

Mwaka wa pili tukapewa insha: elimu iliingiaje katika familia yako. Loo, nilifurahi! Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mwalimu wa wasichana Unguja. Alipohama kuja huku Omani baada ya Mapinduzi, cheti chake cha ualimu alikishona ndani ya mto. Njiani mto ukaingia maji ya chumvi. Alipoufumua huku Matrah, wino umekwenda zake. "Nikabaki na karatasi nyeupe," ndivyo anavyomaliza, kila mara, maneno yaleyale. Na ukiisimulia wewe ukaruka kipande, atakurudisha mwanzo. Kwetu hadithi ya bibi haiongezwi wala haipunguzwi.

Nikaiandika vilevile. Sikutaja kwamba bibi ndiye aliyeisema, maana nani asiyejua?

Kumbe binti wa mama yangu mkubwa naye aliiandika mwaka uliotangulia, chuo hichohicho, mwalimu huyohuyo, akapata alama za kutambia watu. Mwalimu akakumbuka. Kipande kwa kipande, mpaka karatasi nyeupe. Nikaletewa barua: natuhumiwa kuiba kazi ya mwenzangu, na ikithibitika narudia mwaka mzima. Mie! Mtu ambaye hata kalamu ya kuazima nairudisha!

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwanamke mmoja mezani, na wawili kwenye skrini kutoka Uingereza, wamevaa sweta, wao na haki yao, kwao baridi. Wakaniuliza: ulimhoji bibi yako lini? Alitia saini kukubali? Nani anamhoji bibi yake? Mtu unakaa jikoni, unamenya vitunguu, unasikia. Nikasema hadithi ni ya bibi. Wakasema insha ni ya aliyeiandika kwanza. Nikachanganyikiwa nisijue pa kushika. Nimeibaje kitu nilichopewa tangu nina miaka mitano?

Yule wa mezani akanionea huruma. Akasema, mlete bibi, akithibitisha kwamba amewasimulia nyote wawili, shauri limekwisha. Nikatoka nakaribia kupiga vigelegele. Khalas, nimepona.

"Nani wananiita?" bibi akauliza.

"Watu wa chuo, bibi. Wana maswali mawili matatu tu."

"Wataandika?"

"Wataandika."

Akainama, akaitazama miguu yake. Nikadhani anafikiria viatu vya kuvaa.

Chuo kilimtafuta karani wake anayejua Kiswahili, binti wa watu waliotoka bara, awe mkalimani. Mie nikaambiwa nisifungue mdomo. Karani akafungua fomu, akashika kalamu. Jina kamili, bibi? Ulizaliwa mwaka gani? Ulisoma mpaka wapi?

"Mie sikusoma, mwanangu."

"Hukuwa mwalimu?"

"Mwalimu wa nini? Mie mtu wa jikoni."

"Na cheti ulichokishona kwenye mto?"

Bibi akacheka, kicheko kile anachowachekea wageni. "Watoto hao, wana maneno! Mie sina habari."

"Bibi!" nikapiga kelele. Nikaambiwa ninyamaze. Hakunitazama. Karani akamsogezea fomu atie saini, na bibi yangu, mwenye hati nzuri kuliko sote nyumbani, akaomba wino, akabonyeza dole gumba.

Garini akanishika mkono, uso umemkunjuka. "Umeniona? Nimekutoa."

"Umenitoa wapi, bibi? Umeniangamiza!"

"Huyajui wewe. Bandarini Unguja, siku tuliyoondoka, walikuwa wanauliza hivyohivyo, kalamu mkononi. Nani kasoma? Waliosema wamesoma waliwekwa kando. Mwenzangu tuliyefundisha naye darasa moja alisema kweli. Mie nkasema siijui hata alifu, nkapita."

"Hilo hujapata kutusimulia."

"Hilo si la kusimulia."

Nilimkasirikia, wallahi nilimkasirikia, na papo hapo nikaona haya kwa kumkasirikia, nikaendesha gari nisijue nalia au nacheka. Niliiandikia kamati kurasa tatu kueleza. Wakajibu kwa adabu sana kwamba shahidi wangu alikwishasema, na dole lake lipo. Sifuri. Mwaka unarudiwa.

Siku ya kurudi darasani nilikwenda kumuaga. Alikuwa ameketi kitandani, mswala bado uko chini. Akaniita karibu kwa mkono.

"Wale watu wako," akasema polepole, "wametuachia?"

Nilikuwa na ya kusema mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa.

"Wametuachia, bibi."

"Alhamdulillah." Akanipapasa kichwa. "Basi soma, mwanangu. Soma sana. Lakini usimwambie mtu."