Ubeti wa Kisu

Sipendi kusimulia hii habari, kila nikifika katikati masikio yananichoma, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko wale watu wa Kibugu ambao mpaka leo wanasema nilimtukana Mwalimu Njeru siku yake ya kustaafu, mbele ya mkewe, watoto wake na kwaya nzima.

Sikumtukana. Nilikuwa nimeandika shairi. Mwalimu Njeru ndiye alinifundisha Kiswahili, ndiye alikuja kwetu kumwambia baba nisitolewe shule, na leo nami ni mwalimu, na nilipoombwa nisome kitu nikaona zile sifa za kawaida (mlima, taa, mzazi) zimechakaa. Nikaandika beti mbili. Wa kwanza ni mchungu: wewe ulikuwa kisu, ulitukata matawi, ukatuacha visiki kwenye baridi. Wa pili unageuka: kumbe ni kisu cha kupogoa chai, na sisi ndio haya majani mabichi. Kisu ni kile kile, ila sauti imehama kutoka lawama hadi shukrani. Sasa hapo kuna ugumu gani? Karibu wote waliokaa kwenye ile tenti ya sherehe wana chai, na wanaipogoa wenyewe.

Kosa langu lilikuwa dogo tu: niliamua kunyamaza kati ya ubeti na ubeti, ili uchungu uwaingie kabla sijaugeuza. Nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu, na mzee wa kanisa aliyekuwa anaendesha sherehe (mtu ambaye hotuba yake ilikula asubuhi yote) akaninyang'anya maiki, akasema, "Asante, mwalimu, hayo yametosha," kwaya ikaanza kuimba. Nikamwambia bado kuna ubeti. Akanijibu nisiharibu siku ya watu.

Wakati wa chakula nilizunguka na sahani yangu ya maharagwe ya njahi nikieleza istiari kwa kina mama walionigeuzia mgongo. Mke wa Mwalimu hakunisalimia. Mama mmoja aliniuliza polepole Mwalimu alinikosea nini, na hapo nilikasirika karibu nilie, kwa sababu hao hao huimba kila Jumapili kwamba Mungu ni mwamba na hakuna anayedhani ni jiwe.

Watu walipopungua nikamfuata Mwalimu mwenyewe, nikamsomea ubeti wa pili wote. Alisikiliza, akavua miwani.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini ule wa kwanza uliusoma kama mtu aliyekatwa kweli."

Nikaanza kubisha kwamba ni istiari tu. (Darasa la sita alinisimamisha mbele ya wenzangu akacheka viatu vyangu vilivyochanika, na mimi nilidhani nilishasahau.)

"Siku ile ya viatu," akasema, "nilikosea."

Yule mzee wa kanisa bado sijamsamehe. Siku hizi nikiandika shairi naanza na utamu, uchungu nauweka mwisho, na maiki naishika kwa mikono miwili.