Sauti ya Bibi Chini ya Dashibodi

Juzi pale Mkuyuni gari bovu lilinipita, redio yake ikilia nguuu, na kila dereva alipokanyaga mafuta mlio ulipanda. Watu walikunja nyuso. Mimi nilicheka peke yangu barabarani, maana, rafiki yangu, nilikuwa nimerudi utotoni kwetu Butimba, miaka ile bidhaa za Dubai zilipoanza kujaa madukani, naye baba akanunua redio kaseti na kuifunga mwenyewe kwenye gari lake kuukuu.

Gari lile alilipenda kutuzidi sisi. Kila Jumamosi alilisugua kwa nta mpaka ukajiona meno.

Basi meli ya Bukoba ikatuletea kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, na chini yake kaseti ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi mzaa mama hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa amerekodi barua. Mama hakuwa ameisikia sauti yake kwa miaka mitatu. Tukajazana garini tukitafuna senene. Betri ilikuwa imechoka, hivyo bila injini redio haikuwaka. Injini ikiwaka, mlio ule wa nguuu unammeza bibi mzima mzima. Tuliambulia kikohozi chake tu. Mama alishuka, akaenda kumenya ndizi.

Baba akaleta fundi redio kutoka Mirongo. Fundi akachungulia chini ya dashibodi.

"Mzee, huu waya wa athi, wa kurudisha umeme kwenye bodi, umeufunga juu ya rangi. Wenyewe unataka chuma kitupu, ndiyo maana redio inalia. Tukwangue kidogo."

"Gari langu halikwanguliwi."

"Huku chini nani ataona, mzee?"

"Mimi nitajua."

Mama akaja na kisu chake cha ndizi, kina utomvu bado, akajipenyeza chini ya dashibodi. Tukasikia kwaru, kwaru. Baba alifumba macho kama anayechomwa sindano. Fundi akakaza waya, injini ikawashwa, na mlio haukuwepo.

"Mnanisikia huko?" bibi akauliza.

"Tunakusikia, mama," mama akaijibu kaseti, analia na kucheka.

"Shikamoo, mama," baba naye akaiamkia redio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku hizi sauti za ndugu zinanifikia kwenye simu, safi kabisa, na nyingine sizisikilizi hadi mwisho. Bibi hayupo. Gari liliuzwa kama chuma chakavu. Asubuhi walipokuja kulichukua nilimkuta baba ameinama chini ya dashibodi, anapapasa pale mama alipokwangua.