Nyumbani Hawajambo

Fundi wa nguo alifanyiwa operesheni ya goti, la mguu uleule aliokanyagia cherehani tangu usichana wake. Wakamwekea goti la bandia. Daktari akiuliza kama panauma, anajibu panauma, utadhani anausemea mguu wa jirani.

Wodini kila mtu alikuwa na lake la kumchelewesha kuruhusiwa. Bibi wa kitanda cha dirishani sukari haishuki, mwalimu mstaafu kidonda kinatoa maji, na mwingine akiambiwa asimame anaanza kutetemeka. Fundi hakuwa na sukari wala presha, kidonda kikavu, na akiambiwa simama anasimama. Mtaalamu wa mazoezi alimsifu mpaka wenzake wakamwonea kijicho.

Ikabaki habari ya nyumbani, kama ana wa kumtunza. Nesi, binti mchangamfu, kila asubuhi alimwamkia: shikamoo mama, umeamkaje, nyumbani hawajambo? Naye hujibu hawajambo. Jamani, mlitaka ajibu nini? Nani anaitikia salamu kwa msiba? Mume alikuwa ameshazikwa, watoto hawakujaliwa, lakini salamu ni salamu. Nesi naye, kwa haraka zake, akaichukua salamu akaifanya jibu: mgonjwa ana watu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Daktari akasema kesho aende.

Fundi alisikia vizuri. Alijua fika kwamba anaishi ghorofani, na kwamba akianguka bafuni hakuna wa kumwinua. Angesema tu yuko peke yake. Lakini neno hilo hakuwa amemwambia mtu tangu mazishi. Akavuta shuka, akalala.

Asubuhi nesi akaomba namba ya mtu wa kuja kumchukua. Fundi akataja namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Nesi akapiga, na simu ikaita ndani ya mkoba wa fundi, pale pale kitandani. Wakautazama mkoba wote wawili mpaka ikakatika.

“Ni ya mume wangu,” fundi akasema. “Huwa naichaji.”

“Mwenyewe yuko wapi, mama?”

“Alifariki. Nyumbani niko peke yangu.”

Nesi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia leo haendi popote, atazungumza na daktari. Fundi akashukuru. Kisha akamwomba apige tena, kwa sababu mlio ule aliuchagua marehemu mwenyewe, na tangu azikwe hakuna aliyempigia.