Mita Zilizosomwa kama Noti

Katika kituo cha hali ya hewa walimwita Mama Tarakimu, na jina hilo hakuwahi kulikataa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye meza ileile ya utabiri, akipokea vipimo vya upepo kutoka melini na kuviandika kwenye ramani kwa penseli, baada ya kuviingiza kwenye kompyuta. Vijana wa ofisini waliicheka penseli hiyo. Yeye alisema kompyuta haijui kushtuka.

Kila aliyepita mezani pake alifundishwa jambo moja. Ujumbe wa meli ni tarakimu tupu. Meli nyingi hupima upepo kwa noti, kipimo cha mabaharia. Chache hutumia mita kwa sekunde. Tarakimu moja mwanzoni mwa ujumbe ndiyo inayoeleza kipi kimetumika. Mita moja kwa sekunde ni karibu noti mbili, kwa hiyo anayeiruka tarakimu hiyo huukata upepo nusu.

Ilikuwa miezi ambayo nchi za kaskazini zimeshikwa na baridi. Hewa nzito huteremka kutoka huko, ikavuka bahari, na ikifika kwenye maji ya joto huwa imepoteza ubaridi wake lakini si kasi yake. Upepo wa namna hii haupigi hodi. Hauna wingu wala ngurumo. Watu huanika nguo chini ya anga ya buluu, na huko nje mawimbi yanapita kimo cha mtu.

Saa kumi na mbili asubuhi alitoa taarifa: upepo noti kumi na sita, vyombo vinaweza kusafiri. Saa mbili, akiwa na kikombe cha chai, aliichukua penseli. Meli mbili zilizokuwa jirani zilitofautiana: moja kumi na sita, nyingine thelathini na moja. Akadhani ya pili imekosea. Alipourudia ujumbe wa ile ya kwanza, tarakimu ya mwanzo ilisema mita.

Alikwenda kwa mkuu wa kituo, mlango wa tatu.

"Bosi, upepo wa asubuhi nimeukosea. Ni thelathini na moja."

Mkuu akavua miwani. "Wewe? Mama Tarakimu mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Makubwa! Na penseli yote hiyo?"

"Penseli ndiyo iliyoniumbua."

"Basi toa onyo. Andika hali imebadilika. Kwani hali ya hewa ina kazi gani nyingine?"

"Haijabadilika. Ilikuwa hivyo tangu alfajiri."

Mkuu alishusha sauti. "Mama, Jumatatu una usaili wa ukuu wa meza. Miaka yote hii umeungoja. Wenzangu wawili kwenye jopo wanatoka makao makuu, na wale husoma mafaili. Ukiandika neno kosa, litakaa humo. Onyo ni onyo, watu watabaki bandarini vilevile."

"Feri ya abiria itabaki. Boti iliyobeba unga imeshaondoka. Nahodha akisikia hali imebadilika, atadhani upepo uko njiani, ataongeza mwendo awahi kufika ng'ambo. Inabidi ajue uko palepale mbele yake."

Mama Tarakimu akaandika akiwa amesimama: taarifa ya saa kumi na mbili ilikuwa na kosa la usomaji, upepo wa noti thelathini na moja tayari upo kwenye mkondo wa kuelekea ng'ambo. Akatia sahihi. Mkuu naye akatia yake, akitazama ukutani.

Redioni aliisoma mwenyewe.

"Kituo, huku jua linawaka," nahodha wa boti alijibu. "Mmeota nini?"

"Hatujaota, nahodha. Tumekosea. Nusu saa tu mbele yako kuna upepo mkali. Mimi ndiye niliyeusoma vibaya."

Redioni ilisikika injini ikipunguza mwendo.

"Haya, dada. Umeniharibia siku. Nageuza."

Bandarini abiria wa feri walitazama anga, wakamtafuta wa kumlaumu. Waliposikia kituo kimekiri kosa, baadhi yao walifurahi, wakabeba mizigo kurudi foleni: kumbe upepo haupo! Karani wa tiketi alieleza mara tatu, mara ya nne akafunga dirisha. Saa sita mchana, mstari mweupe wa povu ulionekana wazi nje ya mwamba, nao wakatawanyika.

Jumatatu, mtu wa makao makuu alikuwa na faili mbele yake, limefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Kosa hili ndilo unalowafundisha wengine wasilifanye?"

"Ndiyo."

"Kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

Akaandika kitu kifupi. Wiki iliyofuata ukuu wa meza ulikwenda kwa mwanamke kijana ambaye Mama Tarakimu ndiye aliyemfundisha kazi.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona pazia la mteja Mama Tarakimu alipoingia.

"Wamekupa?"

"Hawajanipa."

"Hata kwa kukuonea haya, miaka yote hiyo?"

"Baba watoto, faili halina haya."

Mumewe alicheka, kisha akaona mwenziwe hacheki, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Ungeandika lile neno la bosi, je?"

Mama Tarakimu akavua viatu. "Ningepata."

"Na boti?"

"Pengine ingefika."

Akaenda jikoni kuinjika chai, akauliza kama bado kuna sukari.