Kaseti ya Mama Niliyoifuta

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kichwa ngumu kama gunzi. Tulikuwa tunakaa Soy, karibu na Eldoret. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa na kaseti moja tu. Mjomba alimrekodi akiimba nyimbo za kwao Magharibi, zile za kupukuchua mahindi. Kisha Mama mwenyewe akavunja vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine. Nyumbani kila mtu alijua maana yake: usiguse.

Mimi nikagusa. Redioni walikuwa wanapiga muziki wa dansi, na sikuwa na kaseti tupu. Nikatafuna karatasi, nikaziba matundu yaliyoachwa na vile vimeno, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijiona mjanja kweli! Kufika jioni sauti ya Mama ilikuwa imeisha. Ilibaki kidogo tu pale mwishoni, akimuuliza mjomba, "Imetosha?"

Baada ya wiki akaniambia, "Kijana yangu, hebu niwekee ile kaseti."

"Redio ilikula utepe, Mama," nikasema bila haya.

Akanitazama. "Basi, si neno. Nyimbo si niko nazo? Ukipata kaseti ingine, niambie niimbe."

Wacha nikuambie, kosa langu kubwa linaanzia hapo. Mama aliishi miaka sita zaidi, na kaseti zilijaa maduka ya Eldoret. Lakini kila nikitaka kununua, aibu inanishika; naogopa ataniuliza ile ya kwanza ilienda aje. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, kumbe kisima chenyewe kiko jikoni, kinasonga ugali! Siku ya mazishi nililia kuliko dada zangu wote, wakasema huyu alimpenda mama. Nilimpenda, ndiyo. Lakini yale yalikuwa majuto. Hadi leo nikiiweka hiyo kaseti nasikia magitaa ya watu nisiowajua, halafu lile swali moja.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukimkosea mzazi, mwambie angali anapumua. Atakugombeza, wewe utanyamaza, kisha mtatengeneza pamoja. Na kama anaimba, toa hiyo simu yako umrekodi leo, usingoje Krismasi. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa," na amwache mama yako duniani akujibu.