Anaita Dada

Mji wenyewe unaitwa Włocławek, na hiyo L iliyopigwa mstari katikati nilidhani ni kosa la mchapaji. Wenyewe wanatamka Vwotswavek. Ukiwa London ukisema unakwenda Poland watu wanakutajia Krakow, wanakutajia Warsaw. Ukisema Włocławek, hata Wapoland wanakuuliza unakwenda kufanya nini.

Nilikwenda kumgeuza mgonjwa.

Mwenzangu kazini ni mtu wa huko. Miaka sita tunazunguka pamoja nyumba za Croydon, kusini mwa London, tunahudumia wazee wasioinuka kitandani, wale ambao mtu mmoja hawezi kuwageuza, lazima muwe wawili, mmoja huku, mmoja kule. Nimemfundisha kuhesabu. "Moja, mbili, tatu," anasema, halafu tunageuza. Wazee wa Croydon wanadhani ni Kipoland. Sasa mama yake mwenyewe alivunjika nyonga, hospitali wakamrudisha nyumbani, na jirani aliyekuwa akimwangalia akachoka. Mwenzangu akachukua likizo ya wiki moja ili amtafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee.

"Twende wote," akaniambia. "Peke yangu siwezi kumgeuza."

"Mimi huko nitaongea na nani?"

"Hutaongea. Utapumzika."

Nilikubali upesi kuliko alivyotegemea, maana wiki ile nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Mama mdogo wangu, mdogo wake mama aliyenizaa, alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na maneno yamekwenda. Hospitali wanataka kumruhusu. Binti yake mkubwa akanipigia simu. Huyu nimemlea tangu ana miaka minne. Leo ana digrii na ofisi yake, anasikia Kiswahili vizuri ila anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyageuza mimi.

"Dada, neno moja tu ndilo limebaki mdomoni mwake, na ni wewe," aliniambia. "Kutwa nzima anaita dada, dada. Manesi wametuuliza huyo Dada ni nani."

"Mkawajibu nini?"

"Kwamba ni wewe."

Walikuwa wamekaa kikao cha familia. Kwenye kikao sikuitwa, nililetewa uamuzi. Nihamie kwa Mama mdogo, pale pale Thornton Heath, jirani na Croydon, nimtunze, kwa sababu kazi naijua na mgonjwa mwenyewe ananitaka. Nijibu kabla ya Jumatatu. "Na chumba chako bado kipo," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau kwake.

Basi niseme kuhusu hicho chumba. Majina ya watu siyaandiki, lakini vyeo nitavitaja, wakisoma watajijua.

Nilitoka Korogwe nikiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha darasa la saba. Mama mdogo alikuja likizo, akasema London nitasomea unesi, jioni nitamsaidia watoto kidogo. Mama yangu akaniweka mikononi mwake. "Huyu sasa ni mwanao," alimwambia, na Mama mdogo akaitika, "Abee, dada." Maana mama yangu ndiye mkubwa wake, alimbeba mgongoni.

Unesi sikuusikia tena. Chumba nilichopewa ni kile cha juu ya ngazi chenye tangi la maji ya moto, kitanda kimoja na meza ya kupigia pasi. Siku ya pili Mama mdogo alichukua pasipoti yangu, akasema inapelekwa uhamiaji Croydon ikagongwe muhuri. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Jumamosi tulikuwa tunawapeleka watoto Croydon kununua viatu, basi linapita chini ya lile jengo refu la uhamiaji, na mimi natazama juu, ghorofa baada ya ghorofa, najiuliza pasipoti yangu iko nyuma ya dirisha gani. Nilikuwa naisalimia kimoyomoyo. Miaka kumi na moja nimeisalimia.

Mume wake alijua. Nikimuuliza habari za pasipoti, anainua gazeti juu zaidi. Mama mmoja mzee wa kanisa alijua pia, maana nilimweleza mwenyewe ninavyoishi, jikoni kwetu, nikilia. Alikuwa na sambusa zangu mbili kwenye kisahani. Akaniambia, "Vumilia, mwanangu, wenzio wanalilia kuja huku," akachukua ya tatu. Na wageni wote wale, Watanzania wenzangu, waliokuwa wakija Jumapili kula pilau na kusema dada ana mkono mtamu, hakuna hata mmoja aliyeuliza dada anakula saa ngapi.

Mwaka wa sita mama yangu alifariki. Mama mdogo alilia begani kwangu mpaka gauni likalowa, halafu akafungasha sanduku akaenda kumzika. "Yako haijatoka," alisema mlangoni. "Wale uhamiaji hawana haraka." Nikabaki na watoto. Siku ya mazishi nilikuwa napiga pasi sare za shule.

Mwaka wa kumi na moja alinituma nitoe vumbi masanduku yaliyokuwa juu ya kabati. Lile alilosafiria msibani bado lilikuwa na karatasi ya uwanja wa ndege kwenye mkono. Nikafungua zipu ya mfuko wa ndani, nikakuta pasipoti yangu. Aliogopa nisije nikaiona yeye akiwa hayupo, akasafiri nayo. Pasipoti yangu ilikwenda Korogwe, ikafika msibani kwa mama yangu, ikarudi. Mimi ndiye sikwenda.

Niliondoka wiki ile. Yaliyofuata ni miaka ya karatasi na wanasheria, siyaelezi. Hii safari ya Włocławek ilikuwa safari yangu ya kwanza kwa pasipoti ninayoiweka mwenyewe. Wengine wangekwenda kwao. Kwetu nitamkuta nani?

Tulishuka uwanja wa ndege wa Bydgoszcz, tukapanda treni. Mji ule ni kimya. Una mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, daraja la chuma, kanisa kubwa lenye minara miwili, na barabara ya maduka ambayo nusu yake yana karatasi madirishani. Vijana wameondoka. Waliobaki ni wazee wanaokokota vikapu vya magurudumu. Walikuwa wananitazama, si kwa ubaya, kama unavyotazama gari lililoegeshwa mahali pasipo pake.

"Wote wako wapi?" nilimuuliza mwenzangu.

"Wako kwenu. Wanawaogesha mama zenu."

"Mama zetu hawako London."

"Basi sijui tunawaogesha mama za nani," akasema, na tukacheka njia nzima mpaka mlangoni.

Nyumba iko ghorofa ya nne, ngazi tupu, lifti hakuna. Ule ukimya wa ngazini niliujua. Ni ukimya wa saa nne asubuhi kule Thornton Heath, watoto wako shule, wakubwa wako kazini, jirani nyuma ya pazia, na wewe na pasi yako. Nilisimama kwenye ghorofa ya tatu nikijifanya napumzisha miguu. Nilidhani nimekuja mbali.

Mama mwenyewe ni mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimesukwa na jirani. Ukutani juu ya kitanda kuna sahani za udongo zimechorwa maua ya kahawia na bluu. Alizichora mwenyewe, alikuwa mchoraji kiwandani miaka yote. Sasa mkono unatetemeka, na siku nyingine hajui ni mwaka gani. Siku ya kwanza mwenzangu alishindwa. Huko Croydon anaogesha wanaume wa kilo mia bila kupepesa jicho, lakini alipoinua shuka la mama yake akasimama tu na sponji mkononi, maji yanamdondokea viatuni.

"Toka," nikamwambia. "Kashike bega."

Nikamwogesha mimi. Yule mama hakuniogopa. Nilipomfikia mgongoni akageuza shingo, akaniangalia vizuri, akasema, "Siostro." Akarudia, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo. "Siostro."

"Anasemaje?"

"Anakuita nesi," mwenzangu akasema. "Maana yake dada. Huku manesi wote tunawaita hivyo, dada, dada."

Mikono ilinisimama.

Msomaji wangu wa Tanzania anajua kwa nini. Kwetu neno hilo ni maneno mawili. Dada ni aliyekutangulia kuzaliwa. Na dada ni yule msichana wa kazi, ambaye kumwita mfanyakazi mnaona haya. Watoto wa Mama mdogo walianza kuniita Dada wiki ya kwanza, na mimi nikafurahi, tena sana, kwa sababu kwa ukoo wetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, mimi ni dada yao kweli, hakuna aliyekosea. Miaka mitano nikaishi na furaha hiyo. Halafu siku moja, getini shuleni, mwalimu mgeni akamuuliza huyu binti mkubwa, alikuwa na miaka tisa, "Huyu ni dada yako?" Mwalimu alitumia neno la Kiingereza. Mtoto akajibu, "Hapana, si ndugu yangu. Ni dada wetu." Mwalimu hakuelewa dada ni kitu gani. Mtoto akamweleza vizuri, kwa adabu: "Watu wa Tanzania wanakuwa naye. Anafanya usafi."

Simlaumu, alikuwa mtoto. Nawalaumu waliomfundisha hesabu hiyo, na walikuwa wawili, mama yake na baba yake.

"Siostro," mama akaita tena.

"Nimekuja," nikamjibu kwa Kiswahili. "Nipo hapa."

Mwenzangu alikuwa bado ameshika bega. "Mimi huwa sijui," alisema. "Saa nyingine ni nesi anayemtaka. Saa nyingine ni dada yake. Alikuwa na dada mkubwa, amekufa zamani, ndiye aliyemlea. Anamwita kwa neno hilo hilo. Jirani alikuwa anakuja mbio na maji ya kunywa, kumbe hakuitwa yeye."

Tukahesabu, moja, mbili, tatu, tukamgeuza, tukambadilishia shuka. Mikono ilifanya kazi, mimi sikuwapo. Nilikuwa Korogwe uani, nikimsikia Mama mdogo akisema abee, dada. Mama yangu ndiye Mama mdogo aliyekuwa anamwita hivyo maisha yake yote. Mimi alikuwa ananiita kwa jina. Neno hilo alikuwa analitumia akiongea na watoto tu: mwambieni dada alete chai. Ila nisidanganye. Kuna siku alikuwa anaita kutoka kitandani, ghorofani, mlango umefungwa, dada, dada, na aliyekuwa anapanda ngazi ni mimi.

Kila asubuhi nikamwogesha yule mama. Mwenzangu alizunguka na karatasi zake, nyumba za wazee zote zimejaa, mwishowe akapata moja ng'ambo ya mto. Ijumaa, saa tano, maji yako kwenye beseni, simu ikaita. Nikatoka nayo ngazini.

"Dada, samahani kukusumbua likizo," binti akasema. "Wameniambia lazima wapate jibu. Unahamia lini?"

"Bado anaita?"

"Tangu alfajiri. Anakuita mpaka analia. Ungemsikia usingekuwa na moyo huo."

"Moyo gani?"

"Wewe ni kama ndugu yetu, Dada."

"Kama," nikasema.

"Unajua ninavyomaanisha."

"Najua. Nikuulize kitu. Mama yako alikuwa na dada?"

"Mama yako wewe. Najua. Nini tena?"

"Alikuwa anamwitaje?"

Nilisikia mlango wa ofisi yake ukifungwa. Mtoto yule ana akili, tangu mdogo ana akili, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Huwezi kuwa na uhakika," akasema mwishowe.

"Sina."

"Sasa niwaambie nini hospitali?"

"Waambie dada yake amezikwa Korogwe. Mama yako alikuwepo, alimzika. Mimi sikuwepo, na mama yako anajua kwa nini, na baba yako anajua, hata sanduku linajua. Mimi kwenu sihamii. Tafuteni mtu wa kazi, au nyumba ya wazee, zipo nyingi. Mwenzangu hapa amepata ya mama yake kwa wiki moja, na alikuwa hana kikao cha familia."

"Na kama ni wewe anayekuita?" Sauti ilikuwa imembadilika, ilikuwa ya yule wa miaka minne, na nusura inishinde. Nusura. "Kama anataka kukuomba msamaha?"

Nilifikiri. Sikutaka kumjibu kwa hasira kitu ambacho huenda ni cha kweli.

"Alikuwa na maneno yote miaka ishirini," nikamwambia. "Namba yangu ya simu anayo."

Akakata. Nilirudi ndani. Mwenzangu aliniangalia usoni, akamwaga maji yaliyopoa akaenda kuweka mengine.