Godoro la Makumbi

Makumbi ya nazi yakifukuliwa kwenye matope hunuka yai viza na chumvi, na harufu hiyo haitoki nguoni hata ukifua mara tatu. Wengine huziba pua. Mimi nikiisikia mpaka leo hushusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Nisikilizeni niwaambie kwa nini.

Mama alipofariki, baba alikuwa ameshamtangulia, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha skuli nikabaki na wadogo zangu wawili, Raya na Hamadi, katika nyumba yetu hapa Wete. Nikaishika kazi ya mama: kufukia makumbi pwani, kuyafukua baada ya miezi, kuyaponda kwa rungu mpaka zitoke nyuzi za usumba, kisha kusokota kamba. Ami Khatibu, kaka yake baba, aliyekuwa akikaa Mtambile, alituruhusu kwa sharti.

"Mtoto mmoja akipatwa na baya hapa, basi. Raya ntamchukua mie, Hamadi ende kwa shangazi yake Makangale. N'shasema."

Kabla mwaka haujaisha, Raya, mwenye miaka tisa, akaingia sarakasi.

Mwalimu Kombo alikuwa amefungua shule ya sarakasi ndani ya ghala kuukuu la karafuu. Kila alasiri watoto walibinuka, walitembea kwa mikono, walipandana mabegani. Wasichana walivaa suruali ndefu na mitandio iliyobanwa kwa pini. Mtaa mzima ulikwenda kutazama, na mabibi waliosema kwamba mambo yale hayana adabu ndio waliowahi nafasi za mbele.

Siku ya kwanza nilikwenda ili nimtoe Raya. Nikamkuta kichwa chini miguu juu, anacheka. Tangu mama aondoke sikuwa nimemsikia akicheka vile. Nikamwacha, nikarudi nyumbani peke yangu.

Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, na usiku nilikuwa nikiisikia kichwani. Nikaunganisha magunia, nikayajaza usumba, nikapata godoro pana la kuangukia. Kwa haraka yangu nikatia na usumba ambao haujakauka. Wiki ile watoto wote wa sarakasi walinuka matope, na kwenye chuo cha Kurani wenzao wakawapa jina.

"Kaa wa Mwalimu Kombo hao! Zibeni pua!"

Nililianika juani siku tatu. Harufu ilipungua kidogo tu, lakini godoro lilikuwa nene.

Idi pili ikawa siku ya maonyesho. Nilipoingia ghalani, Ami Khatibu alikuwa ameshakaa mstari wa mbele, mikono juu ya bakora. Kanzu yake ya sikukuu ilikuwa na vumbi la kahawia mgongoni. Nikadhani ni la kiti cha gari.

"Habari zimenifikia," alisema. "N'mekuja kuona kwa macho yangu."

Sikuweza kukaa. Nikasimama nyuma yake, Hamadi nimemshika mkono mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Watoto walipandana tabaka tatu, Raya juu kabisa. Akainua mikono. Mmoja wa chini akateleza, mnara ukayumba, na mdogo wangu akaja chini kama nazi.

Akazama ndani ya godoro. Vumbi la usumba likaruka, likamfunika. Nilimwona Raya nyumbani kwa Ami, nikamwona Hamadi akilia Makangale, nikaiona nyumba yetu imefungwa kufuli.

Ndipo ikasikika chafya. Kisha ya pili.

"Alhamdulillahi," Raya akasema, kama alivyofundishwa.

"Yarhamukillah!" watu wote wakamjibu kwa pamoja, na sauti iliyopita zote ilikuwa ya Ami Khatibu. Kicheko kikapasuka. Raya akasimama, mtandio umejaa nyuzi, akapanda tena.

Maonyesho yalipokwisha, Ami aliliendea godoro akalibonyeza kwa bakora.

"Kajaza nani hili?"

"Mimi, Ami."

"Lanuka."

"Ndiyo, Ami."

"Jaza jengine, moja halitoshi. Makumbi ntakuletea."

Habari ya kututenganisha hakuitaja tena. Nilipoona anatoka mlangoni, nilikaa juu ya godoro lile linalonuka nikalia kwa faraja. Hamadi akanifuta machozi kwa shati lake jipya.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Ami alikuja kutafuta sababu ya kututawanya, na kwamba chafya ndiyo iliyotuokoa. Mwaka jana alifariki. Baada ya khitma, Mwalimu Kombo aliniita pembeni.

"Mzee wenu alinikataza nisiseme," aliniambia. "Idi ile alifika kabla ya watu wote. Kavua makubazi, kapandisha kanzu, kapanda mezani kajiachia chali juu ya godoro lako. Hakuridhika. Kapanda, kajiachia tena."

Nikalikumbuka lile vumbi la kahawia mgongoni.

Siku hizi Raya ndiye anayewafundisha watoto palepale ghalani. Magodoro bado najaza mimi, kwa usumba uliokauka sawasawa. Na kila jipya, kabla mtoto hajaligusa, hufunga mlango, hupanda mezani, nikajiachia. Mara mbili.